Kadi Isiyo na Jina

Dada Mwanaidi wangu,

Bado nausikia mkwaruzo wa droo ya kadi za wagonjwa, mwanajeshi alipoivuta katika zahanati ya Tororo niliyokwenda kusaidia. Sikuogopa. Majina ya waliojeruhiwa kwa risasi nilikuwa nimeyafuta yote, nikaweka namba. Akasoma kadi moja, akacheka: "Jina ya nini, dada? Fundi redio ya Sikuda iko ngapi?"

Yuko mmoja tu. Jioni tukasikia amechukuliwa. Mwanaidi, mimi ndiye niliyeacha kijiji na kazi yake kwenye kadi ile!

Mkumbatie mama, mwambie niko salama Busia, upande wa Kenya. Kabla sijavuka nilikata kijiji na kazi kwenye kadi zote zilizobaki, nikavichoma vipande.

Mdogo wako, Saada