Keki Ambayo Watoto Hawakuijua

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kasikeu tuko salama. Mama yako amemaliza kuvuna mbaazi, na babu yako ameacha kulalamika juu ya goti. Umeniuliza kama mtu anayekwama mbele ya darasa, mkufunzi akimtazama, anafaa kuwa mwalimu.

Mimi pia nilikwama, katika shule moja ya Matiliku, nikisomea ualimu kama wewe. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu, darasa la tatu. Nikachora keki ubaoni, nikaigawa vipande vinne. Nikauliza kila kipande ni sehemu gani ya keki, wote wakaitazama tu ile picha. Mkufunzi wangu alikuwa ameketi nyuma, anaandika.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, keki ni nini?"

Chuoni nilikuwa nimekariri kwamba mtoto huanzia kwa kile anachokijua, na mtihani nikaupita vizuri! Niliona aibu. Nikafuta ubao, nikamuuliza, "Kwenu mnagawana nini?"

"Muwa," akasema. "Na tuko wanne."

Akaja mbele, akauchora, akaugawa. Sasa kila mtoto akataka kujibu. Kengele ililia kabla sijafika hata nusu ya nilichopanga.

Nje nikamwambia mkufunzi, "Najua nimeanguka." Akanionyesha daftari lake. Alikuwa amekata kwa kalamu yote aliyoandika mwanzo, na chini yake akaandika, "Amemsikiliza mtoto."

Mwende, barua yako imejaa habari za mkufunzi, lakini watoto hukuwataja. Niandikie majina yao, na waliyokuuliza.

Ni mimi nyanya yako,
Ndunge