Paka Tuliyemzika Mapema

Malindi, Jumatano, baada ya Magharibi

Laiti tusingemzika. Lakini ningejua vipi? Kwetu paka wa nyumba akifa husitiriwa siku hiyo hiyo. Nilimviringisha Pamba kwa kanga yangu kuukuu, tukamfukia uani. Siku moja kabla alikuwa amemuuma mwanangu Zuhura mkononi, nami nikadhani ni hasira za paka tu.

Leo daktari wa mifugo aliposikia, alishika kichwa. "Mama Zuhura, tungekipeleka kichwa chake maabara, ndani ya barafu. Wao huutazama ubongo, ndipo wajue kama ni kichaa cha mbwa."

"Nimfukue?"

"Siku ya nne, na joto hili? Ubongo umeshaoza."

Basi hatutajua kamwe. Zuhura ameanza sindano hospitalini. Wamesema hatujachelewa, nisiwe na hofu. Nisiwe na hofu!

Nasikia mwenye kichaa huogopa maji. Tangu alasiri nimempelekea Zuhura bilauri tano, akanywa zote huku akinicheka.

Ya sita ameikataa sasa hivi. Anasema tumbo limejaa.