Mashavu ya Pacha

Jumatatu, 8 Mei

Mama kanipakulia wali tena. Upawa mmoja uliojaa, halafu wa pili juu yake, kaukandamiza kama anajaza gunia. Nikasema ahsante mama. Nikala samaki na mboga, wali nikausogeza pembeni. Alichukua sahani, akaufunika ule wali kwa kisahani kingine, akauweka kabatini. Kama vile kuna mtu atakuja kuula baadaye.

Huu ni mwaka wa pili sigusi wanga, ila siku moja ya ruhusa kila mwezi. Mke wangu kazoea. Asubuhi mayai, mchana parachichi na karanga, jioni nyama au samaki na rundo la majani. Ananiita Sungura Mla Nyama. Mama hajazoea. Kwake yeye asiyekula wali hajala, kachezea tu chakula.

Siandiki hivi kwa kulalamika. Naandika ili nisisahau kwa nini nilianza. Kaka alianza na kidonda kidogo mguuni, kiatu kilimbana. Sukari ikafanya mengine. Ni pacha wangu, lakini namwita kaka kwa sababu alitangulia kutoka, na hakuniacha nisahau. "Mimi ndiye niliyekufungulia mlango," alikuwa akisema, hata tulipokuwa watu wazima wenye vitambi. Wiki ile ya msiba muuguzi wa zahanati alinipima. Akasema sukari yako nayo inapanda. Mwenzio hakusikia, wewe utasikia? Nikasema nitasikia.

Nimesikia.

Jumatano, 10 Mei

Dukani wateja wengi. Spika alikuja – tunamwita hivyo kwa sauti yake, akikusalimia ng'ambo ya barabara wanaitika watu kumi. Nilipomfunga shuka shingoni akanitazama kwenye kioo.

"Kinyozi! Mashavu yako umeyanyoa pamoja na ndevu?"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka.

"Ukiendelea hivi," akasema, "tutakutafuta kwa tochi."

Nikamwambia tochi ya nini, afuate harufu ya mayai. Akacheka mpaka nikalazimika kuinua wembe nisije nikamkata sikio. Alipokuwa anatoka akaniuliza kwa sauti ya chini, sikujua anayo sauti ya chini: mzima lakini? Nikamwambia mzima kuliko zamani. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kwa adabu.

Suruali yangu ya kazi nimetoboa tundu jingine kwenye mkanda. Kwa msumari.

Jumamosi, 13 Mei

Leo kaingia mtu mwenye begi, mgeni kidogo, sura naijua. Alikuwa akinyolewa kwetu kabla hajahamishwa kikazi. Akakaa, akaangaza huku na huku.

"Wenyewe wako wapi?"

Wenyewe kina nani?

"Wale mapacha wanene. Kurwa na doto. Wamekuuzia duka?"

Nilikuwa nimeshika mashine, inanguruma mkononi. Ningeweza kumwambia. Niliona atafedheheka, na kichwa chake nilikuwa nimekinyoa nusu. Nikamwambia mmoja amehama.

"Na mwingine?"

Yupo yupo.

Akasema alipenda sana kunyolewa na yule mcheshi. Sikumuuliza yupi. Wote tunajua yupi. Mimi nilikuwa yule wa pili, anayefagia nywele.

Kaka alikuwa anapuliza shingo ya mteja baada ya kumnyoa, badala ya kutumia brashi. Nilimkataza mara ngapi! Leo mgeni alipoinama nilijikuta nimempulizia.

Jumanne, 16 Mei

Mama kagoma.

Ilianza jana jioni, tukadhani hana hamu. Leo mchana tena. Mke wangu kampakulia, yeye kakaa mikono mapajani. Mama, kula basi. "Nitakula akila." Nikasema mama, mimi nakula, ona, hiki si chakula? "Hicho ni majani."

Mke wangu akajaribu kwa upole. Mama, huyu si mtoto, anajua anachofanya.

"Kwangu ni mtoto. Nilizaa wawili siku moja. Nimezika mmoja. Sasa huyu anajizika mwenyewe kidogo kidogo, na wewe unamkaangia mayai!"

Mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia maji yanamwagika muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Baadaye mama alikubali supu. Kikombe kimoja. Alikunywa akiangalia dirishani, si mimi.

Ijumaa, 19 Mei

Zahanati. Muuguzi yule yule. Kaangalia kipimo, kaangalia tena, kanipa mkono kama nimefaulu mtihani! Sukari imetulia. Presha nzuri. Kaniuliza kama bado naweza au nimechoka.

Nikamwambia ukweli. Naweza kwa sababu ya ruhusa. Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi na mke wangu tunakula keki, kipande kimoja kimoja, mezani, tumekaa, chai haina haraka. Siibi. Sili nimesimama mlangoni nikitazama nyuma. Mwezi mzima naweza kumwambia mkate "subiri", kwa sababu si "kwaheri".

Akasema vizuri. Kipande si hoja. Hoja ni kesho yake asubuhi, umeamka na mayai au umeamka na kipande kingine.

Nimerudi mbio kumwambia mama. Nilidhani atafurahi. Alifurahi! Alinishika mikono yote miwili.

"Kwa hiyo umepona?"

Nimepona kiasi, mama.

"Basi rudi kula."

Jumapili, 21 Mei

Mjomba kaja. Mama alimwita. Kwanza kanichukua nje, tukasimama karibu na tangi la maji, kanizungusha kama mnunuzi wa koti.

"Mpwa wangu, mwanaume bila kitambi ni duka bila kibao. Watu watajuaje kuna kitu ndani?"

Nikamwambia mjomba, kibao kilikuwa kikubwa, duka lilikuwa linafungwa. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema unamtia dada yangu presha. Yeye ni mzee, wewe ni kijana, nani amfuate mwenzake? Nilisema ngoja nilete chai.

Nikiwa jikoni niliwasikia sebuleni. Mama hakujua kwamba mlango haujafungwa.

Alisema: zamani nikimtazama huyu nilikuwa nawaona wote wawili. Hata baada ya msiba. Akipita pale mlangoni jioni, na ule mwili, moyo wangu ulikuwa unasema, kumbe wamerudi. Sasa namwona mmoja tu. Na huyo mmoja simjui.

Mjomba akauliza chai iko wapi. Mjomba ambaye ana neno la kila kitu.

Nilipeleka chai. Nilimwagia mjomba mpaka kisosi kikajaa.

Jumatatu, 22 Mei

Nimefungua duka mapema, kabla ya wateja. Nilikuwa nafuta kioo. Ukifuta kioo lazima ujione.

Kweli. Shavu limeshuka, taya limetokeza, hata shingo si ile. Sikuwa nimeona. Miezi yote hii nimeangalia vichwa vya watu tu. Nilipokuwa mnene na kaka hayupo, nilikuwa nikiinua macho ghafla namkuta kwenye kioo – nikawa naogopa, nikazoea, nikaanza kupenda. Lini aliacha kuja? Sikumuaga mara ya pili.

Nikajaza hewa mashavuni. Nikabana midomo.

Alikuwa pale! Kaka, mzima, amekasirika kidogo, kama alipokuwa akihesabu nywele zilizobaki kichwani mwa mteja mwenye upara. Nilikaa hivyo mpaka pumzi ikaisha.

Mchana nilinunua mkate. Sio wa ruhusa. Nusu mkate na jemu, nimesimama nyuma ya pazia. Nilikuwa najiambia, si vigumu. Miezi michache tu ya kula hivi na mama atampata mtoto wake. Nilikula wote. Tumbo likajaa, macho yakanitoka machozi, mteja akaniuliza kama ni spiriti imeniingia jichoni. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 23 Mei

Mayai matatu. Majani. Chai kavu.

Kuteleza si kuanguka. Ile sura naitaka, Mungu anajua. Lakini kaka mwenyewe aliivaa mpaka mwisho na tuliona mwisho wake. Sirudi.

Alhamisi, 25 Mei

Nimemwambia mke wangu yote, pamoja na mkate. Hakunifokea. Alisema alijua – mtu asiyegusa wanga akila mkate halafu akalala, anakoroma kama pikipiki.

Kuhusu mama akatoa wazo. Picha zipo, akasema. Tuzikuze, tuzitundike. Nikamwambia mama hatazami picha. Picha ukiiita haigeuki.

Mama anakula nusu ya nusu. Gauni lake la bluu limelegea mabegani. Mke wangu anasema sasa kwenye nyumba hii tunakonda wawili, ila mmoja anafuata ushauri wa muuguzi na mwingine anafuata moyo, na moyo haupimi sukari.

Leo mama alipoinuka kwenye kiti ilibidi ashike meza.

Ijumaa, 2 Juni

Jioni mama aliniomba nimpunguze nywele. Nywele zake ni laini, nyeupe, hazina ubishi. Nilimkalisha uani kwenye mwanga, nikamfunga shuka. Nilipokuwa nyuma yake, hanioni, ikawa rahisi kusema.

Mama, nilikusikia ulichomwambia mjomba.

Mabega yakatulia.

Nikasema mama, ningebaki na yale mashavu ungekuwa umetuzika wote wawili.

Mkasi ukaenda kidogo.

"Najua," akasema. "Mnadhani mimi mjinga? Nilimwogesha mguu ule mimi mwenyewe. Najua kuliko ninyi. Lakini kujua hakushibishi jicho, baba."

Kaniita baba. Huwa ananiita hivyo nikiwa mgonjwa tu.

Nikaendelea kukata. Nilikata mahali palipokwisha kukatwa. Akauliza, ile siku yako ya ruhusa, ni Jumapili hii? Ndiyo. Unakula keki na mkeo? Ndiyo.

"Mwezi huu nipe mimi. Usile keki. Kula chakula changu, mbele yangu, sahani moja. Nami nitakula."

Nikasema sahani moja. Akasema si nimesema?

Nilimpuliza shingo nilipomaliza. Alishtuka, akaweka mkono pale nilipopuliza, akauacha.

Jumapili, 4 Juni

Mama kaamka kabla yetu sote. Alimfukuza mke wangu jikoni: leo kapumzike, mwanangu, umekaanga vya kutosha. Nilisikia anaimba, hata sijui wimbo gani. Wali, viazi, mchuzi wa kuku. Nyumba nzima ilinukia kama zamani.

Tulikaa uso kwa uso. Mke wangu, kwa busara zake, alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

Nilikula polepole. Wali mtamu! Siwezi kuidanganya karatasi. Kila tonge nililiaga. Na mama alikula – alikula kweli, mpaka akafuta mchuzi kwa kidole, macho hayatoki usoni mwangu. Halafu akasimamisha mkono.

"Hivyo hivyo."

Nini mama?

"Unavyohamishia shavu la kushoto. Unatafuna mara mbili kulia, halafu unahamisha. Naye alikuwa hivyo. Tangu meno ya kwanza."

Sikujua. Nani anajitazama akitafuna? Nikatia tonge jingine. Mbili kulia. Nikahamisha. Mama akacheka, kicheko chenyewe, cha tumboni, sijakisikia tangu msiba. Akasema tena, tafuna tena. Nikatafuna tena. Tulikuwa kama wendawazimu wawili, mke wangu akachungulia dirishani na kamba ya nguo mkononi.

Sahani ikaisha. Nikanyanyua mikono.

Akachukua upawa. Akajaza.

Nikasema mama, tulisema moja.

"Kidogo tu. Nimtazame kidogo tu."

Hakusema nikutazame.

Nikasema ngoja nikanawe. Nimekuja chumbani, naandika nimesimama, juu ya kabati la nguo. Mlango uko wazi, namsikia anapanga vijiko.

Sahani ya pili siili. Hilo limekwisha, sijadiliani na mtu, hata na nafsi yangu. Moja ni ruhusa. Ya pili ni njia ile ile aliyopita kaka, na ya tatu inakuja yenyewe bila kuitwa. Lakini siwezi kukaa huku naye yuko kule anamsubiri. Jikoni kuna majani yaliyobaki jana. Nitayachukua, nitakaa pale pale, nitatafuna majani hata saa nzima, mbili kulia, nahamisha, atazame mpaka ashibe yeye. Kama atakubali. Kama atayaona ni majani na kusukuma sahani yake –

Anaita.

Ameita jina, na si langu.

Nimeitika.