Kwa Dada Aliyenifundisha Kutotazama Saa

Mtaa wa Trapiche,
Oton, Iloilo.
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa Dada Rhealyn,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Oton. U hali gani? Natumaini joto la Manila halijakumaliza na kwamba unakula vizuri. Sisi tu wazima. Bibi Auring magoti yanamsumbua, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo; tangu alfajiri anagombana na jirani kwa ajili ya jogoo. Mama anakohoa kidogo, si cha kutisha. Mimi nimenenepa, kazi imenikubali.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Ungetaka nifanyeje? Ulinizuia kwenye simu yako tangu Krismasi, nilipokutumia picha ya kitambulisho changu cha kazi. Basi nimeiandika barua na kumpa mama yako, anayepanda meli wiki hii kuja kwako. Ndani ya boksi lake utakuta pia samaki wakavu na biskuti za siagi unazozipenda. Biskuti ni zawadi yangu, kula bila wasiwasi.

Sasa niseme jambo lenyewe. Mama yako, Mama Mkubwa Luming, alikuja hapa Jumatano. Hakutaka hata kukaa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, machozi yanamtoka.

“Glecy mwanangu, kampuni ya Rhealyn imefungwa. Ameomba kazi kwenu, na lile jaribio la kompyuta ni mwisho wa mwezi. Kwingine kafeli mara mbili, anasema muda unamwishia mkononi. Tafadhali, msaidie dada yako. Wema huo sitausahau hata nikifa.”

Nilimshika mkono nikamwambia asiwe na shaka. Kisha akaenda zake, nami nikaingia chumbani nikacheka peke yangu mpaka Bibi akauliza kama nimepandwa na mashetani.

Dada, mimi si malaika. Nimeisubiri siku hii kwa muda mrefu, na nakuambia wazi kwamba imenifurahisha.

Unakumbuka ulivyonifanyia? Mimi nakumbuka kila neno. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, kampuni yenu inatafuta watu wa kupokea simu za wateja, na sijawahi kufanya jaribio lenye saa. Nikakupigia kama mdogo anavyompigia mkubwa wake. Ukaniambia, “Ile saa usiitazame, bebi, ni pambo tu. Na usiruke swali hata moja, ukiruka mashine inakufuta.” Nikakuamini. Huku kwetu mdogo hamuulizi mkubwa wake kama ana hakika.

Nikakwama mwanzoni kabisa, kwenye swali la treni mbili zinazokutana njiani, mimi wa kisiwa hiki kisicho na treni hata moja. Nikaliatamia swali lile kama kuku. Katikati ya hapo Bibi akaingia kutoka kanisani, nikainuka, nikapokea mkono wake nikauweka kwenye paji la uso wangu kumwamkia, kwa sababu mtihani haumwondolei mtu adabu. Niliporudi kitini saa ilikuwa nyekundu. Maswali mengi sikuyaona kwa macho. Jibu la kampuni lilifika kabla sijafunga kompyuta.

Kwa nini ulifanya vile sijui. Labda ulitaka ubaki wewe peke yako kwenye ukoo mwenye kitambulisho kinachoning’inia shingoni. Hilo ningelimeza. Lakini ikaja sikukuu ya mtakatifu wetu, nguruwe mzima mezani, ukoo wote umekaa, hata padri yupo. Nilinyoosha mkono nichukue wali, wewe ukapaza sauti:

“Jamani, mpisheni Glecy apakue kwanza, la sivyo tutakula Krismasi!”

Mjomba Dodong alicheka hadi tambi zikamtoka puani. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wananiita Kobe. Mwenye duka ananiita Kobe. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi, na wewe ukanituma maji ya baridi nikakuletea. Donge lile bado ninalo rohoni, Dada. Halijayeyuka.

Huenda hujui ilikuwaje baadaye, kwa kuwa hukuuliza. Nilijifunza mwenyewe, kwa hasira. Nilifanya kila jaribio la mazoezi nililoliona kwenye intaneti, na saa ya ukutani ya Mama niliitundua nikaiweka mbele ya uso wangu. Nikafeli tena, nikafaulu, nikaajiriwa na kampuni nyingine. Leo nipo kwenye idara ya ajira, na mimi ndiye ninayewatumia waombaji majaribio yale yale. Jina lako nililiona kwenye orodha kabla mama yako hajafika mlangoni.

Tulia, sitakuangusha. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia huyu ni ndugu yangu wa damu, naomba mwingine amsimamie. Sitaki kesho useme Glecy alikuonea, wala sitaki mtu aseme nilikubeba. Maswali sitakupa, hata moja. Nitakupa ulichoninyima, yaani ukweli kuhusu saa.

Saa itazame kabla hujatazama swali lolote. Angalia una dakika ngapi na maswali mangapi, gawanya, ujue kila swali linastahili kiasi gani. Ukifika nusu ya muda hujafika nusu ya maswali, ongeza mwendo hapo hapo, usingoje mwisho.

Swali likikataa, liache. Litie alama uende mbele, urudi ukimaliza yale mepesi. Mashine haimfuti mtu kwa kuruka, ulijua hivyo tangu mwanzo. Lakini soma maelezo ya mwanzo pole pole, kwa sababu kuna sehemu ambazo ukipita hurudi; huko chagua jibu lililo karibu na ukweli, usonge. Kama hawapunguzi alama kwa kukosea, usiache pengo hata moja. Na soma maelezo kabla ya kubonyeza kuanza, kwa sababu ukishabonyeza saa haikusubiri hata umeme ukikatika. Chaji betri usiku wa kuamkia siku hiyo.

Yale maswali ya tabia, kama unapenda kufanya kazi na watu, kama unasema kweli siku zote, usiyafikirie sana. Wengi wanapoteza muda hapo wakijipamba. Wewe hasa utajaribiwa kujipamba. Jibu haraka ulivyo, japokuwa najua ni mtihani mgumu kwako.

Kwenye kuandika kwa mashine, usikimbilie kasi. Makosa yanakula muda kuliko vidole vizito. Na funga mlango, uwaambie unaoishi nao wasiwashe karaoke. Mama yako atakuwa hapo. Pokea mkono wake uuweke kwenye paji la uso kabla hujaanza, maana akiingia katikati utainuka, nami nakujua, hutathubutu kubaki umekaa.

Najua unachofikiri sasa hivi. Unafikiri Glecy ananilipizia, yote haya ni uongo, nifanye kinyume chake. Mimi ningekuwa wewe ningefikiri hivyo hivyo, kwa sababu ningekuwa najua nilichotenda. Basi fikiri unavyotaka. Ukifanya kinyume utafeli, na hutakuwa na wa kumlaumu. Ukinifuata utafaulu.

Na ukifaulu, Dada, ndipo tutakapoonana vizuri. Wewe umezaliwa hapa, unajua kwetu mtu akikutoa shimoni unaubeba wema wake mpaka kaburini, na wanao wanaurithi. Mama yako ameshauambia ukoo mzima, kuanzia sokoni hadi ngazi za kanisa, kwamba Glecy ndiye atakayempa Rhealyn kazi. Mimi sikumtuma. Nilichofanya ni kutomkataza. Kila sikukuu utakayokuja, kila arusi, kila matanga, shangazi wote watakutazama wasikie umenishukuru vipi, na hutakuwa na la kunitania tena maisha yako yote. Kisasi kingine sikukihitaji. Hiki kinanitosha, tena kitadumu kuliko mimi na wewe.

Umeme umeanza kuchezacheza, nisije nikamaliza barua gizani. Msalimie bwana wako na mtoto, mwambie mtoto mama yake mdogo anamwekea kofia aliyoiomba. Mjomba Dodong anakusalimu, anasema ukifaulu yeye ndiye atakayechoma nguruwe. Bibi Auring anakuombea kila jioni kwenye rozari, na ananitazama mimi wakati wa kusali, sijui kwa nini. Mama anakutakia heri.

Nami namwomba Mungu akupe macho ya kuiona saa, moyo wa kuniamini, na umri mrefu sana wa kunishukuru.

Mdogo wako akupendaye, asiyesahau,

Glecy