Vifungo vya Shemeji

Jumapili, 3 Machi

Leo mapumziko. Nimefua, nimelala, nimeamka na mgongo uleule. Shemeji kachekesha chumba kizima. Ni mume wa dada yangu, tunalala pamoja tangu tuje huku kutafuta. Nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Kasema, nilioa dada, kaka mtu nikaongezewa bure! Wenzetu wakacheka mpaka kitanda kikalia. Nami nikacheka.

Tangu lini namfunga vifungo? Sikumbuki. Mkono wake wa kulia umekuwa mzito. Anasema ni saruji tu. Saruji! Mbona mimi wangu mzima?

Jumanne, 5 Machi

Mwiko wa kujengea umemponyoka Shemeji. Ghorofa ya nne. Umetua karibu kabisa na mchanganya zege. Hakuna aliyeumia. Nyapara alipanda na matusi yake yote, akauona ule mkono. Kasema huyu hapandi tena mpaka daktari aseme yu mzima. La sivyo afungashe.

Shemeji kanywa chai kwa mkono wa kushoto. Kasema daktari atauliza, mimi nitajibu, kwani mdomo nao umelegea?

Jumatano, 6 Machi

Dada kapiga simu. Hajui kitu. Nyumba imefika kwenye lenta, anataka wapaue kabla ya mvua. Mumewe fundi mwashi, anawajengea watu maghorofa, yake haina paa. Akaniuliza, kaka, mwenzio mzima? Nikasema mzima. Nalala na neno hilo.

Alhamisi, 7 Machi

Niko kwenye benchi la zahanati. Asubuhi nilimnyoa, nikamvika, nikamfunga viatu. Bwana harusi! Tukaingia wote.

Nilidhani daktari atamfunga mashine. Wapi! Mama wa makamo, kaegemea kiti, anatazama tu. Shemeji alivyoingia — mkono mmoja unapunga, wa pili umening'inia kama wa koti tupu. Alivyokaa. Kamuuliza anaogaje, nani anampikia, nani anamfulia. Mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe. Mama anaitikia, hm. Kisha kasema, weka mikono mezani. Kucha za kulia fupi. Za kushoto ndefu — maana mkono wa kulia haushiki wembe. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuwahi kuziona.

Akatazama viatu vya Shemeji. Akatazama vyangu. Kamba zetu zimefungwa kifundo kilekile, kile ninachofungia mbao za jukwaa. Kamvua shati, kampima nguvu, kamgongagonga viwiko. Mwisho kamwambia, nenda kavae nje, baba, taratibu, mwenyewe. Na mimi: wewe kaka, nikimaliza kumchoma sindano mtoto huyu anayengoja na mama yake, ingia peke yako. Nataka kujua siku yake inavyokwenda tangu anapoamka.

Shemeji kasogea. Ananong'ona, sema najifanyia mwenyewe. Nyumba ya dada yako ile, usisahau. Kisha, nifunge basi, haraka, daktari hatuoni.

Nikisema kweli, anafungasha. Nikisema uongo, kesho yuko ghorofa ya nne, na mbao atakazokanyaga nitakuwa nimezifunga mimi.

Mtoto ndani kaanza kulia. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi. Shemeji anahangaika na kifungo cha juu. Jasho. Kimeingia! — tundu la chini yake. Hacheki. Ananitazama.

Mtoto kanyamaza.