Kanali Hapandi Kirikuu

Mama Editha,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Kuku nimeshawafungulia.

Ulipokwenda sokoni, mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, alikuja kumchukua Kanali. Nilimchagua kwa kuwa bei yake ni rahisi kuliko ya lori la fuso. Akataka kumfunga miguu farasi na kumlaza kama ng'ombe wa mnadani. Nikakubali. Kanali akaanguka, goti likachubuka, na macho akanielekezea mimi, si dereva. Nikamfukuza yule na kigari chake.

Leo ndiyo mwisho, kesho tajiri mwenye kiwanja anabomoa banda la Kanali. Kwa hiyo namkokota kwa miguu hadi Bigwa kwa kaka yako Anselmi. Goti linamuuma lakini anakanyaga. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala huko, tutakwenda polepole.

Asubuhi ulisema, "Uchungu wa kumzaa Editha uliponishika ulinipakia bodaboda, leo farasi unamtafutia gari!" Nikakujibu kwamba siku ile gari halikuwepo.

Lilikuwepo. Teksi ilisimama pale kwenye mizani ya malori, nikaulizia bei, nikaiacha. Miaka kumi na minne sijakwambia.

Mlango wa nyuma haufungi vizuri, egemeza kinu.

Baba Editha