Maelezo ya Shahidi Kuhusu Dole Gumba la Mpishi wa Kambi

Shahidi: anajulikana kambini kwa jina la Kipara
Umri: miaka 41
Kazi: kuchanganya zege
Makazi: kambi ya wajenzi, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji

Leo ni tarehe 9 Machi, mwaka mmoja na miezi minne tangu niage nyumbani. Nimekuja mwenyewe, sikuletwa.

Mpishi wetu mliyemweka mahabusu si mwizi. Simu alizokutwa nazo ni zetu, na moja ni yangu. Sisi saruji imetula vidole, simu hazitutambui tena. Namba ya siri nayo niliikosea hadi benki ikanifungia, mke wangu akaniuliza siku hizi hela zinakwenda kwa nani. Ndipo tukakubaliana kusajili dole gumba la mpishi kwenye simu zote. Vidole vyake ni laini, anashinda kwenye mafuta.

Hatukufanya ovyo. Tulimkataza kushika kisu. Vitunguu tunamenya sisi kwa zamu. Sufuria ya moto anaipua mtu mwingine. Alipotaka kucheza mpira, nyapara alimwambia, "Wewe kaa, ndugu yangu. Ukiteguka kidole, watoto wetu watakula nini?"

Mnamo tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, alikwenda kukaa kwenye ngazi za benki, kwa kuwa kambini mtandao unasuasua. Alikuwa akifungua simu moja baada ya nyingine, akituma hela makwetu kama tulivyomwagiza. Mlinzi akaona mtu mmoja ana simu kumi na moja na zote zinamtii. Akamkamata.

Nilipofika pale benki, dada wa benki aliniuliza, "Kaka, na huyu mpishi akifa?"

Hilo hatukulipangia zamu.

Afande, mtoeni azifungue simu mbele yenu. Mkikuta hela imekwenda kwake, nifungeni naye. Na mkimchukua alama za vidole, tafadhali msimkandamize sana.

Niliyoyaona ndiyo hayo, sina la kuongeza. Natarajia kurudi kambini leo jioni pamoja na mpishi. Msipomtoa leo, nitarudi siku mtakayomtoa. Benchi lenu nimeshalizoea.

Sahihi ya shahidi: Kipara

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali. Mtuhumiwa amefungua simu zote mbele yangu. Kila hela imekwenda kwa familia iliyotajwa. Ameachiwa. Aliponyoosha mkono kuchukua mfuko wa simu, shahidi alimzuia, akaubeba mwenyewe.